Mguu na goti vinauma, vipimo ni safi: uanze na lipi, uache lipi

Mtu aliyesumbuliwa na goti kwa miezi, likiuma wiki hii na kunyamaza wiki ijayo, mara nyingi ameshajaza mfuko mmoja: eksirei mbili zilizoandikwa kwamba hakuna tatizo, vidonge vya aina nne vilivyobaki nusu, na soksi ya goti iliyolegea. Pesa imekwenda, maumivu yapo palepale. Hapa tunazipambanisha njia zinazopatikana ili uone ipi inastahili kutangulia. Msimamo wetu tunautaja mapema, uupime unaposoma: maumivu yasiyo na jina yachaguliwe tiba kwa tabia yake, siyo kwa ukali wake. Na kwa walio wengi, kinachostahili muda na pesa ya kwanza ni kuimarisha misuli ya paja na nyonga, kabla ya MRI (picha ya mashine ya sumaku) na kabla ya sindano.

## Wasiotakiwa kuchagua

Wapo ambao ulinganisho huu si wao, na wanatakiwa kufika hospitali leo. Goti moja lililovimba ghafla, la moto, likiambatana na homa, linaweza kuwa na usaha ndani, na usaha huharibu gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, kwa siku chache tu. Shavu la mguu mmoja lililovimba na kuuma, hasa baada ya safari ndefu ya basi, upasuaji au kujifungua, linaweza kuwa na damu iliyoganda. Hilo halichuliwi wala halikandwi. Mguu uliopoa na kupauka ghafla, mtu asiyeweza kukanyaga hatua nne baada ya kuanguka, na mwenye maumivu ya mgongo anayepata ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo, wote hao wasisubiri kesho.

Kundi la pili lina siku chache, si miezi: maumivu ya usiku yanayozidi wiki hadi wiki, mwili unakonda, au kuna uvimbe mgumu juu ya mfupa. Mtoto anayechechemea naye yumo. Maumivu ya kawaida ya ukuaji, ya umri wa miaka 3 hadi 12, huja jioni au usiku kwenye miguu yote miwili na asubuhi mtoto anakimbia kama kawaida. Yakiwa mguu mmoja, na kuchechemea au homa, hayo si ya ukuaji. Mtoto mwenye selimundu anayeumwa mfupa na ana homa ni mgonjwa wa dharura.

## Tabia ya maumivu ndiyo kipimo cha kwanza

Jedwali hili halimpi mtu jina la ugonjwa. Linamsaidia kujua aanzie mlango upi.

| Yanavyokuja | Yanavyotulia | Kinachoshukiwa kwanza | Cha kuanza nacho |
|---|---|---|---|
| Ukitembea au kupanda ngazi, jioni zaidi. Asubuhi goti hukaza chini ya nusu saa | Kupumzika | Kusagika kwa gegedu, hasa ukishapita miaka 45 | Kupapaswa na daktari. Picha si lazima |
| Mbele ya goti: kushuka ngazi, kuchuchumaa, kukaa muda mrefu | Kunyoosha mguu | Kifuniko cha goti na udhaifu wa paja na nyonga | Kuchuchumaa mbele ya mtaalamu akuangalie |
| Asubuhi hukaza zaidi ya saa, viungo vingi, vidole pia | Kujongea | Baridi yabisi | Vipimo vya damu: ESR au CRP (huonyesha uvimbe mwilini) na vya baridi yabisi |
| Ghafla usiku, kiungo chekundu, kisha kinapona kabisa baada ya wiki moja au mbili | Yenyewe | Jongo (gauti) | Kupimwa maji ya goti na asidi ya uriki kwenye damu |
| Shavu la mguu hubana ukifika umbali uleule | Kusimama dakika chache | Mishipa ya damu iliyosinyaa, hasa kwa wavutaji na wenye sukari | Presha ya kifundo cha mguu ilinganishwe na ya mkono |
| Miguu yote ukisimama au kutembea | Kukaa au kuinama mbele | Uti wa mgongo uliobana | Uchunguzi wa mgongo |
| Kuungua, kuchomachoma, ganzi nyayoni, usiku zaidi | Kupumzika hakusaidii | Neva: sukari, pombe, upungufu wa B12, VVU, dawa | Sukari kwenye damu na mapitio ya dawa zako |
| Uzito na kuvimba kifundo jioni | Kuinua miguu | Vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) | Kukaguliwa ukiwa umesimama |

Safu ya tano na ya sita huchanganywa sana, kwa sababu zote mbili humsimamisha mtu njiani. Tofauti iko katika namna ya kupumzika. Wa mishipa ya damu akisimama tu wima, anapata nafuu. Wa mgongo hapati mpaka akae au ainamie kitu, ndiyo maana anaweza kusukuma toroli sokoni akiwa ameinama bila shida, kisha akashindwa kusimama foleni ya benki.

Kwa wiki mbili andika kila siku: saa yalipoanza, ulichofanya saa 24 kabla yake, kiwango kati ya 0 na 10, kilichoyatuliza, na dawa uliyomeza. Andika pia kama unaweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja au ni kwa kiganja kizima. Karatasi hiyo moja humsaidia daktari kuliko maelezo ya "linaumaga tu".

### Goti safi, nyonga mbovu

Hapa ndipo vipimo vingi hupotea bure. Neva zinazohudumia nyonga zina matawi yanayofika gotini, kwa hiyo nyonga iliyoharibika huweza kuuma gotini peke yake. Goti linapigwa picha mara tatu, picha zinatoka safi, na mtu anaambiwa hana kitu.

Jaribu hivi. Lala chali, kunja nyonga na goti nyuzi 90. Mwenzako ashike goti kwa mkono mmoja na kifundo kwa mwingine, kisha azungushie kisigino upande wa nje, polepole. Maumivu yakitokea kinenani au gotini, au mguu ukigoma kuzunguka kuliko wa pili, omba eksirei ya nyonga. Watu watatu wasiruke hatua hii: kijana wa miaka 10 hadi 16 anayechechemea, hasa mwenye uzito mkubwa, kwa kuwa kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kimeteleza na hatakiwi kuukanyagia mguu huo hadi apigwe picha, mwenye selimundu, na aliyetumia vidonge vya steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe, kama prednisoloni) kwa muda mrefu. Kwa hao wawili wa mwisho kichwa cha paja huweza kufa kwa kukosa damu, na eksirei ya mwanzo huweza isionyeshe. Hapo MRI ina haki yake.

### Kabla ya kutafuta ugonjwa, tazama kabati la dawa

Pirazinamidi, inayotumika miezi miwili ya mwanzo ya tiba ya kifua kikuu, hupandisha asidi ya uriki na kuumiza viungo. Dawa za presha za kukojoza, kama haidroklorothiazidi na furosemidi, hufanya vivyo hivyo na huweza kuamsha jongo. Isoniazidi huleta ganzi miguuni kwa asiyepewa vitamini B6. Metformini ya miaka mingi hushusha B12. Dawa za kolesteroli za kundi la statini huweza kuumiza misuli, na siprofloksasini huweza kuumiza kano ya kisigino. Usiache dawa yoyote kati ya hizi mwenyewe, ya kifua kikuu hasa. Peleka orodha kwa aliyekuandikia.

### Na tazama unakoishi

Chikungunya ilitambuliwa kwanza 1952 katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania ya leo, na imepita Lamu 2004 na Mombasa 2017 hadi 2018. Homa huisha ndani ya wiki moja hivi. Viungo huweza kuuma miezi. Anayekunywa maziwa mabichi au kushughulika na mifugo inayotupa mimba afikirie brusela: homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, mgongo, nyonga na magoti. Kipimo chake cha haraka cha damu hutoa majibu ya uongo mara nyingi, na tiba yake ni antibayotiki mbili kwa wiki 6, hivyo omba kipimo cha kuthibitisha kabla ya kuzianza.

Kuzunguka Mlima Meru, kuelekea Maji ya Chai na Ngurdoto, na katika maeneo ya Bonde la Ufa hadi Nakuru, kuna visima vyenye floraidi nyingi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kahawia tangu utotoni, pamoja na mgongo na viungo vinavyokaza ukubwani, ni dalili ya kuuliza kuhusu maji. Kuyachemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki. Kichujio cha mkaa wa mifupa au maji ya mvua ndiyo njia.

## Eksirei, altrasaundi, MRI au damu?

Kwa mtu aliyepita miaka 45, anayeumwa akitumia goti na asiyekaza asubuhi zaidi ya nusu saa, miongozo ya Uingereza ya 2022 inasema kusagika kwa gegedu kutambuliwe bila picha. Watu wengi huona wamedharauliwa wasipopigwa picha. Lakini eksirei haionyeshi gegedu, haionyeshi kano, na mtu mwenye picha mbaya anaweza kuwa na maumivu kidogo kuliko mwenye picha nzuri.

Ukipigwa, pigwa umesimama. Ukilala kitandani mifupa huachana na nafasi inayoonekana kubwa ni ya uongo. Kosa hili ni la kawaida na kulirekebisha hakuna gharama: mwambie mpiga picha kabla hujapanda mezani.

MRI inaona kila kitu, na hapo ndipo penye mtego. Katika utafiti wa Framingham, Marekani, uliochapishwa 2012, watu wa zaidi ya miaka 50 ambao eksirei zao hazikuwa na dalili ya kusagika walipigwa MRI. Asilimia 89 walikutwa na walau kasoro moja, na wasioumwa walikuwa nazo karibu sawa na wanaoumwa. Kwa hiyo MRI ya goti la mtu wa miaka 55 karibu lazima itarudi na kasoro fulani, na ikiwa neno lililoandikwa ni "kuchanika", humsukuma mtu kwenye kisu. Itafute ikiwa goti linajifunga na kugoma kunyooka, linaachia baada ya kujipinda mchezoni au kwenye ajali ya bodaboda, maumivu ya usiku yanazidi, au nyonga inashukiwa kama tulivyosema.

Altrasaundi ni ya maji ndani ya goti, uvimbe nyuma ya goti, na damu iliyoganda kwenye vena. Kwa maumivu ya ndani kabisa ya goti haisaidii sana.

Damu ina faida ikiongozwa na jedwali la juu, siyo ikiagizwa kama kapu. Kipimo cha ASO huandikwa kwa kila anayelalamika viungo, na kikitoka juu kinasema tu kwamba mtu aliwahi kupata bakteria wa koo. Kipimo cha baridi yabisi kiitwacho RF huweza kuwa chanya hata kwa wazee na wagonjwa wa kifua kikuu au homa ya ini wasio na baridi yabisi. Asidi ya uriki huweza kuwa ya kawaida katikati ya shambulio la jongo, hivyo irudiwe wiki 2 hadi 4 baada ya kutulia. Kreatinini ya figo na sukari ndivyo tungevilipia kwanza, kwa sababu vinaamua ni vidonge gani unaruhusiwa.

## Kupumzika au mazoezi

Kupumzika kunashinda kwa siku mbili au tatu za goti lililovimba. Baada ya hapo kunashindwa vibaya. Msuli wa mbele wa paja hunyauka haraka goti likiuma, na ukinyauka mzigo unabaki juu ya kiungo. Kiungo kinauma zaidi, mtu anapumzika zaidi. Ndiyo sababu maumivu yanarudi kila anapojaribu kurejea kazini.

Denmark walianzisha mwaka 2013 mpango unaoitwa GLA:D kwa wenye magoti na nyonga zilizosagika: elimu kidogo, halafu vipindi 12 vya mazoezi yanayosimamiwa ndani ya wiki 6. Umeenea nchi nyingine kwa kuwa hauhitaji mashine. Ukiwa na mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) karibu, vipindi viwili au vitatu vya kukurekebisha vinatosha, kisha unaendelea nyumbani. Ukiwa huna, anza hivi.

Wiki ya 1 na 2, kila siku. Kaa sakafuni miguu imenyooka, weka taulo lililoviringishwa chini ya goti, ligandamize chini kwa kukaza paja, hesabu 5, achia. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Kisha lala chali, goti moja limekunjwa, inua mguu ulionyooka sentimita 30 hivi, hesabu 5, shusha polepole; mara 10, seti 2 hadi 3. Halafu lala ubavu na uinue mguu wa juu, vidole vikitazama mbele, mara 10, seti 2. Zoezi hili la ubavu ndilo watu huliacha, na ndilo linalozuia goti kuanguka ndani unapotembea.

Kuanzia wiki ya 3, siku tatu kwa wiki, siku moja ya kupumzika katikati. Kaa na simama kwenye kiti cha sentimita 45 bila kutumia mikono, mara 8 hadi 10, seti 3. Ukishindwa, weka mto juu ya kiti; ukiweza kirahisi, hesabu 3 unaposhuka. Inuka kwa vidole vya miguu umeshika ukuta, mara 10, seti 3. Kuanzia wiki ya 5 panda kidato cha sentimita 10 hadi 15 kwa mguu unaouma na ushuke kwa kujizuia. Ukifikisha 12 bila taabu katika kuinua mguu, funga mfuko wa mchanga wa nusu kilo hadi kilo 1 kifundoni.

Kanuni ya maumivu: hadi 4 kati ya 10 wakati wa zoezi inavumilika, mradi yamerudi kwenye hali yake ya kawaida ndani ya saa 24. Yakibaki juu kesho yake, au goti likivimba, punguza idadi kwa nusu, usiache. Kinachoharibu mpango huu mara nyingi ni haraka: mtu anaanza na ngazi za ghorofa nne siku ya kwanza. Kinachofuata ni kuacha wiki ya tatu kwa kuwa nafuu haijaonekana. Nafuu ya msuli huja kati ya wiki ya 6 na ya 12. Kosa la tatu ni goti kuingia ndani kuliko kidole gumba cha mguu wakati wa kusimama kitini; fanya mbele ya kioo.

Kutembea ni pamoja na mazoezi haya, hakuchukui nafasi yake. Dakika 10 kwenye njia tambarare, ongeza dakika 5 kila wiki. Kuhusu uzito tutasema kidogo, maana kila mwenye mwili mkubwa ameshahubiriwa vya kutosha: kila kilo 1 inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua, kwa hiyo hata kilo 3 si kazi bure.

## Jeli, parasetamoli, au vidonge vya uvimbe

Kwa goti lililosagika, jeli ya diklofenaki itangulie vidonge vyake. Goti liko karibu na ngozi, dawa inafika, na kinachoingia kwenye damu ni kidogo. Kinachoiangusha jeli ni kipimo: gramu 2 hadi 4 kila mara, mara 3 au 4 kwa siku, kwa wiki mbili kabla ya kuihukumu. Hesabu mwenyewe: kwa kipimo hicho tyubu ya gramu 20 haimalizi hata siku nne. Tyubu ikikudumu mwezi, ulikuwa unajipaka manukato. Kwa nyonga haifai, kiungo kiko chini sana.

Parasetamoli inaheshimika kwa usalama wake, lakini kwa magoti yaliyosagika nguvu yake ni ndogo. Faida yake ni kwa asiyeruhusiwa vingine: mwenye vidonda vya tumbo, figo, mjamzito. Vidonge 2 vya miligramu 500 kila saa 6, visizidi 8 kwa saa 24, ukihesabu pia parasetamoli iliyomo ndani ya dawa za mafua. Tena, mwenye homa pamoja na maumivu ya viungo atumie hii peke yake hadi denge iondolewe kwenye shaka, kwa kuwa ibuprofeni, diklofenaki na aspirini huongeza hatari ya kuvuja damu.

Ibuprofeni miligramu 200 hadi 400, mara tatu kwa siku baada ya kula, kwa siku 5 hadi 7 za kipindi kibaya, ni chaguo la haki kwa mtu mzima mwenye afya. Diklofenaki ya vidonge ina nguvu lakini ni mbaya zaidi kwa moyo. Mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupooza aikwepe. Wa miaka 65 na zaidi aongezewe omeprazoli. Choo cheusi kama lami kinamaanisha tumbo linavuja damu: acha, nenda hospitali. Mjamzito kuanzia wiki ya 20 asiguse ibuprofeni wala diklofenaki.

Mchanganyiko tunaouogopa kuliko yote ni huu: dawa ya presha ya kundi la losartani au enalaprili, dawa ya kukojoza, na kidonge cha uvimbe kama ibuprofeni au diklofenaki juu yake. Zote tatu pamoja huweza kuangusha figo, na mtu huzinunua bila wasiwasi kwa kuwa kila moja peke yake ni ya kawaida.

Halafu kuna vile vidonge visivyo na jina, vilivyofungwa kwenye kikaratasi, vinavyomfanya mzee acheze siku ya pili. Nafuu ya ghafla hivyo, hamu ya kula inayopanda na uso unaovimba, huonyesha steroidi ndani yake. Vinapandisha sukari na presha, vinalainisha mifupa na kuua kichwa cha paja. Aliyevitumia zaidi ya wiki tatu asivikate ghafla. Daktari avishushe taratibu.

## Sindano: ya makalioni na ya ndani ya goti

Hizi si ndugu. Diklofenaki ya makalioni ni dawa ileile ya kidonge, inaumiza tumbo vilevile kwa kuwa inapitia kwenye damu, na juu ya hapo huweza kuleta jipu au kujeruhi neva kuu ya mguu. Kwa maumivu yanayojirudia haina nafasi.

Steroidi ndani ya goti, kwa kawaida triamsinoloni au methiliprednisoloni miligramu 40, hutuliza goti lililovimba kwa wiki 2 hadi 10. Ni daraja la kukufikisha kwenye mazoezi, basi. Mwaka 2017 utafiti wa Marekani uliowachoma watu kila wiki 12 kwa miaka miwili ulikuta gegedu imepungua zaidi, na maumivu hayakutofautiana na ya waliochomwa maji ya chumvi. Kwa hiyo moja, kwa sababu maalumu, na zisikaribiane chini ya miezi mitatu. Mwenye sukari aipime kila siku wiki ya kwanza. Goti linaloshukiwa usaha halichomwi kamwe. Sindano za "kulainisha goti" zenye asidi ya haialuroniki ni ghali, na miongozo ya Uingereza haizipendekezi.

## Fimbo, soksi ya goti, kigoda

Fimbo ni kifaa rahisi chenye matokeo makubwa, na karibu kila mtu huishika upande usiofaa. Inashikwa mkono ulio kinyume na goti linaloumwa, inakanyaga pamoja na mguu huo. Urefu: simama na viatu, mkono umening'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Weka mpira chini, ubadilishe ukilika.

Soksi ya goti huleta joto na kujiamini, haishikilii mfupa. Ivae ukiwa na kazi, ivue usiku, na usiivae kabisa kama mishipa ya damu ya mguu ni mibovu.

Kubwa zaidi ni urefu wa unachokalia. Kigoda cha jikoni, kufua umeinama na choo cha kuchuchumaa hukunja goti kupita linavyoweza kubeba kwa raha. Kiti cha sentimita 45, meza ya kufulia, na kiti kilichotobolewa juu ya choo ni kazi ya fundi seremala wa mtaani. Anayesali na kushindwa kusujudu bila maumivu ana ruhusa ya kuswali akiwa ameketi kitini.

## Barafu, joto, kuchua na mengineyo

Goti la moto na lililovimba lataka barafu, ndani ya kitambaa, dakika 15. Goti lililokaza bila uvimbe, joto la dakika 15 hadi 20. Asiyehisi vizuri nyayo kwa sababu ya sukari asitumie vyote viwili bila mtu wa kumpimia. Kuchua kwa mafuta hulegeza misuli kwa saa chache, na hakuna ubaya, ila si shavu la mguu lililovimba. Hijama hatuna sababu ya kuiweka mbele ya mazoezi. Ukienda, wembe uwe mpya mbele ya macho yako. Glukosamini haijaonyesha faida ya kutosha kuilipia kila mwezi. Kwa kukakamaa kwa misuli usiku, kunyoosha shavu la mguu ukutani kabla ya kulala, sekunde 30 mara tatu, kutangulie. Kwinini isitumike kwa hilo.

## Wiki 12 zikipita

Ikiwa umefanya mazoezi wiki 12 na maumivu yamepungua kwa theluthi hivi, endelea. Nafuu huongezeka hadi miezi sita. Isipobadilika, rudi kwenye jedwali kabla ya kurudi kwenye dawa, na uulize tena kuhusu nyonga, mgongo na mishipa. Goti lenye eksirei ya kusimama iliyoisha nafasi kabisa, na usiku usiolalika, ni la rufaa kwa daktari wa mifupa, katika hospitali kama MOI ya Muhimbili au KCMC ya Moshi kwa Tanzania, kujadili goti bandia.

Ukiambiwa badala yake upasuaji wa tundu dogo wa "kusafisha goti" lililosagika, fahamu kwamba mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, waliwapasua wagonjwa wengine ngozi tu bila kugusa kiungo, na waliosafishwa kweli hawakupata nafuu kuwazidi. Muulize daktari swali moja: goti langu linajifunga, au linauma tu? Kama linauma tu, omba barua ya fiziotherapia.